Blanketi Lililofichwa Katika Maharagwe

Kila Novemba, siku ya kuwaombea marehemu, msomaji katika kanisa letu hufika kwa watoto wa kilima chetu waliokufa kwa ndui, naye husema kwamba Mungu aliwapenda akawachukua. Watu huitikia Amina. Mimi hufunga mdomo. Vijana wanaokaa nami benchi moja hudhani nimesinzia. Sijasinzia. Ninamheshimu Mungu kiasi cha kutotaka asingiziwe.

Kukasirika si kawaida yangu. Masista walionilea shuleni walinifundisha kushukuru kabla ya kula na baada ya kula, kushukuru kwa mvua na kwa jua, nami nimeshukuru maisha yangu yote. Nimemzika mume, nimewazika ndugu, nimeona mashamba yakichukuliwa na mengine yakirudishwa, nikasema Mungu anajua. Lakini habari ya wale watoto si Mungu peke yake aliyeijua. Sisi pia tuliijua. Kifo chao kilikuja kilimani ndani ya blanketi, na blanketi hilo lilifichwa na watu wazima, wenye akili zao, wenye rozari shingoni.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini. Nilikuwa mwanamke kijana, nimeolewa katika ukoo wa wakulima wa Masisi. Maharagwe tuliyalima juu kilimani, mihogo tuliipanda chini ya mteremko ambako joto lipo kidogo. Mkubwa wa ukoo alikuwa baba mkwe wangu, mtu mrefu, mpole wa sauti, ambaye hakuhitaji kurudia neno. Watoto wake walikuwa watatu: shemeji yangu mkubwa, kisha mume wangu, kisha wifi yangu aliyeolewa ng'ambo ya kijito, karibu kiasi cha kuitana bila kupaza sauti sana.

Shemeji hakuwa na mke. Alikuwa akifanya kazi katika machimbo ya Walikale, upande wa Mubi, ndani ya msitu. Alikuja nyumbani mara chache, na safari moja alikuja na blanketi. Wakubwa wa machimbo waliwagawia wafanyakazi wao. Lilikuwa la sufu, la kijivu, lenye mistari myekundu pembeni, zito kama mtoto aliyelala. Anayetoka nchi ya joto hawezi kuelewa. Kwetu ukungu huingia ndani ya nyumba pamoja na mbuzi, na usiku watu walilala wakiwa wameelekeza miguu motoni. Shemeji alipolitandaza blanketi lile uani, wazee waliligusa mmoja mmoja kwa mgongo wa mkono, kama wanavyompima mgonjwa homa.

Mwaka ule alizaliwa mwanangu wa kwanza, na wifi yangu naye akazaa mtoto wa kiume. Wote wawili walipewa jina la shemeji, kwa kuwa yeye alikuwa kifungua mimba na hakuwa na mtoto wake. Katika ukoo ule kulikuwa na desturi juu ya majina. Mtu akifa, kitu alichokuwa akijifunika huenda kwa mtoto mwenye jina lake, ili jina lisilale na baridi. Wazee walisema hivyo hivyo, jina lisilale na baridi, na mimi nilipoolewa niliiona ni desturi nzuri. Hata leo sisemi ilikuwa mbaya. Ninalosema ni kwamba kuna mwaka ambao ilitakiwa iachwe, na walioambiwa waiache walisikia vizuri.

Sasa niseme kwa nini mimi sikudanganyika. Mama yangu mzazi alizaliwa Shasha, kando ya ziwa. Uso wake ulikuwa na mashimo kama udongo uliopigwa na mvua ya mawe, na jicho lake moja lilikuwa jeupe. Alipokuwa msichana, baba yake alileta nyumbani mkeka mzuri kutoka nyumba ya mvuvi aliyekufa kwa ndui. Watoto wote walilala juu yake. Aliyepona ni mama yangu tu. Watu walipomwonea huruma na kumwuliza ni nani aliyewaloga, alijibu kwa hasira, "Mulozi gani? Ilikuwa mukeka." Nilikua nikilisikia jibu hilo kila mgeni alipoingia.

Habari za ndui zilianzia upande wa Walikale. Zilipanda na watu wa miguu na zikapanda na kamio, yale malori ya mizigo. Serikali ikaweka bariyeri kwenye barabara, mti mrefu uliolazwa juu ya nguzo mbili, na polisi akikaa kando yake katika kibanda cha majani. Soko lilifungwa. Vilio vilikatazwa, pombe ilikatazwa, hata misa ya Jumapili ilisimama. Nadhani tungetii. Watu wa kilima chetu hawakuwa wabishi. Lakini siku ya kwanza kabisa, tukiwa tumerudishwa na mizigo yetu, tuliona kamio la mzungu mwenye shamba la piretri, yale maua meupe ya kutengeneza dawa ya wadudu, likifunguliwa njia bila hata kusimama vizuri. Juu ya magunia walikaa wafanyakazi wake wamebanana, wengine wakiimba, wengine wakikohoa.

Mama mmoja mwenye kitunga cha mihogo kichwani alimsogelea polisi.

"Papa polisi, kamio inapita, mihogo yangu haipite?"

"Ile iko na karatasi, Mama."

"Na ndui inajuaka kusoma?"

Mstari mzima ulicheka. Polisi naye alicheka kidogo, kisha akakumbuka kazi yake akatufukuza kwa fimbo. Kicheko kile kilitembea kuliko amri yenyewe. Jioni kila nyumba walikuwa wakiulizana kama ndui imesoma mpaka darasa la ngapi, na tangu hapo hakuna neno la serikali lililopokelewa bila mzaha. Hao ndio wa kwanza ninaowakasirikia, waliokaa mezani wakaandika kwamba barabara ifungwe kwa mihogo na ifunguliwe kwa maua. Walitufundisha kwamba ugonjwa ule ulikuwa maneno tu. Tulijifunza haraka.

Kisha akaja muganga wa serikali na chanjo. Alikuwa Mukongo kama sisi, kijana wa mbali, suruali fupi nyeupe, kila neno lake amri. Alichanja mikono kwa kichuma chenye ncha kama cha kalamu ya wino. Watu walipanga mstari kwa sababu polisi alisimama nyuma yao, si kwa sababu walielezwa kitu. Hakueleza. Alisema "Mukono" na alisema "Pita". Yeye naye namkasirikia, ingawa kazi yake ilikuwa njema, maana ukimya wake ulijazwa na wengine. Ilisemwa kwamba alama ile ni ya kutuhesabu kwa kazi ya barabara. Basi waliochanjwa walishuka moja kwa moja kijitoni, wakasugua mikono kwa majivu na ndimu mpaka damu ikatoka upya.

Nilimkuta wifi yangu pale majini akimsugua mtoto wake, na mtoto akilia.

"Dada, acha ikauke," nilimwambia.

"Weye ulisoma kwa masista," alinijibu, bila kuinua macho. "Mi nilisoma kwa mama yangu."

"Basi mi pia nilisoma kwa mama yangu. Angalia uso yake."

"Uso ya mama yako si mi niliichora," alisema, na wanawake waliokuwa pale wakapiga makofi kwa kucheka.

Mwanangu hakuchanjwa. Siku ile alikuwa na homa kali, na muganga alipomgusa shingo alimrudisha kwangu.

"Huyu hapana leo. Nitarudia."

"Lini, Papa muganga?"

"Nikirudia."

Akaenda zake upande wa Pinga. Nilibaki na mtoto asiye na kinga yoyote, ugonjwa ukiwa njiani. Kuanzia hapo sikuwa na sala nyingine. Asubuhi na jioni nilimwomba Mungu amlinde mtoto huyu mpaka muganga arudi.

Kabla muganga hajarudi, alirudi shemeji. Wenzake walikuwa wakifa machimboni, naye akaogopa, akapita njia ya msitu kukwepa bariyeri, blanketi begani. Sitamhukumu. Mtu akiona kifo hutafuta kwao. Alifika akitetemeka, na baada ya muda mfupi uso wake ulianza kuumuka vipele. Walimlaza katika kibanda cha kando, mama mkwe akamhudumia, maana yeye mama alikuwa amechanjwa na kuiacha alama yake ikauke, kwa uvivu tu wa kushuka kijitoni, kama alivyosema mwenyewe baadaye. Mume wangu alinikataza kukaribia, nami nilimshukuru. Shemeji alikufa kabla maharagwe hayajaanza kuchanua.

Muganga alikuja na polisi wawili. Aliamuru maiti izikwe siku ile ile, watu wasikusanyike, kibanda kichomwe pamoja na kila kitu alicholalia na kujifunika marehemu. Baba mkwe aliinamisha kichwa. Wakachoma kibanda. Tulisimama mbali tukitazama moshi, na baba mkwe akamshukuru muganga kwa mikono miwili, akampa kuku. Nilimshika muganga njiani nikamkumbusha juu ya mwanangu. Alisema dawa imemwishia Pinga, ataleta nyingine. Akaondoka na kuku wake.

Lakini mimi nilikuwa nimesimama upande ambako moshi ulikuwa ukielekea. Nilisikia harufu ya majani, ya mianzi, ya mkeka. Nilingoja harufu moja nyingine. Yeyote aliyewahi kuona sufu ikiungua anajua kwamba hunuka kama nywele. Kibanda kiliisha, majivu yakapoa, na harufu ya nywele haikuja.

Nilimwuliza mume wangu jioni, tukiwa tunamenya mihogo.

"Blanketi iko wapi?"

"Haukuona moto?"

"Nimeona moto. Sijanusa blanketi."

Alimenya mhogo wake mpaka ukabaki mwembamba kama kidole.

"Papa ameiweka mu kitunga ya mbegu," alisema.

Hapo ni lazima nieleze, maana wajukuu zangu hununua mbegu dukani. Mbegu za maharagwe tulizihifadhi katika kitunga kikubwa, tukizichanganya na majivu ya jikoni. Majivu huua wadudu wanaotoboa maharagwe. Bila majivu hupati mbegu ya msimu ujao, na kwa sababu hiyo watu wetu waliamini majivu kuliko dawa yoyote. Walipaka kwenye vidonda, walipaka kwenye kitovu cha mtoto, walisugulia chanjo. Baba mkwe alikuwa amelikunja blanketi akalizika katikati ya mbegu na majivu.

"Anasema majivu inauaka vidudu vyote," mume wangu aliniambia. "Anasema tungoje kidogo tu, itakuwa safi."

"Na weye unasemaje?"

"Mi niseme nini? Ye njo papa yangu."

Nilielewa basi blanketi lile lilikuwa likingoja nini. Lilikuwa likimngoja mtoto mwenye jina.

Nilikwenda kwa katekista, aliyekuwa akiishi mtaa wa chini. Nilimheshimu, maana ndiye aliyetuongoza katika sala padri asipokuwapo. Nilimweleza yote. Nilimwambia kuhusu mkeka wa Shasha. Nilimwomba aongee na baba mkwe, kwa kuwa neno lake angelisikia.

Alisikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa taratibu.

"Mama, ile iko mambo ya ukoo," alisema. "Mi niko mutu wa sala."

"Na amri ya tano, usiue, Papa katekista, iko ya ukoo ao ya sala?"

"Usinifundishe amri."

"Basi nifundishe weye."

Alinyanyuka akaingia ndani. Nilikaa pale mlangoni nikingoja kama mjinga, nikidhani ameenda kuvaa koti ili tufuatane. Hakutoka.

Kumaliza kilio, siku ya kugawa vitu vya marehemu, kulikatazwa, lakini kulima hakukukatazwa. Basi ukoo uliwaita watu waje kupalilia maharagwe ya baba mkwe. Walikuja kutoka kila kilima, kila mtu na jembe lake begani, na polisi aliyewakuta njiani aliwapongeza kwa kazi. Hilo nalo lilisimuliwa kwa kicheko. Walipalilia kidogo, kwa heshima ya majembe, kisha wakakaa uani. Chungu cha pombe ya ndizi kilitolewa na mrija ukapita kutoka mdomo hadi mdomo. Mama mmoja alikuwa ameinjika sufuria kubwa ya maharagwe nje, kuni zikiwaka vizuri. Mimi nilisimama karibu na moto ule na mwanangu mgongoni. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tena, hata katika vita nilivyoviona baadaye.

Katekista aliwapo. Aliongoza sala. Alisali vizuri sana, na mimi nilimtazama muda wote, naye alitazama kila mahali isipokuwa kwangu.

Baada ya sala baba mkwe alileta blanketi. Alilikung'uta, na majivu yakaruka juu ya watu walioketi. Walipiga chafya wakacheka. Kisha alisema kwamba kwa kuwa marehemu ana majina mawili, kila jina litafunikwa, akachukua panga akalipasua katikati. Mistari myekundu ilibaki upande huu na upande huu. Nusu ya kwanza alimfunika nayo mtoto wa wifi yangu, na wanawake wakapiga vigelegele. Mtoto aliushika ukingo akautia mdomoni.

"Sasa huyu mwingine," alisema baba mkwe. "Mama mutoto, mushushe mugongoni."

"Papa," nilisema, "huyu hajachanjwa."

"Sikukuuliza chanjo. Nimesema mushushe."

"Papa, nakuomba. Tumupe jembe ya marehemu. Tumupe kitu ya chuma."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Bibi ya siku hizi anachagua urithi kama viazi ya soko." Wakacheka. Wifi yangu naye alicheka, akasema, "Mupe mi yote, Papa. Yeye ana wivu juu yangu, sababu nilipewa ya kwanza."

"Unasema mutoto yangu alikuwa muchafu?" baba mkwe aliniuliza. Sauti yake haikupanda. Hilo ndilo lililonitisha. "Mutoto nilizaa mi, unasema alikuwa uchafu?"

"Sijasema vile, Papa."

"Basi pokea."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa akitazama jembe lake. Nilimtazama katekista. Alikuwa akijifuta majivu kwenye mkono wa koti.

Nilipokea. Nilipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kama inavyotakiwa, nikasema asante. Vigelegele vikaanza. Nikageuka, hatua chache tu, nikalisukuma blanketi lile chini ya sufuria ya maharagwe, katikati ya kuni.

Kwanza lilitoa moshi tu. Kisha ile harufu ikaja, harufu ya nywele, nene, ikaujaza ua wote, na watu wakaziba pua. Nilisimama mbele ya moto na jiti la kuni mkononi, maana mtu mmoja alikuwa ameinuka kulitoa. Sikumpiga, lakini alielewa. Mama mkwe alianza kulia kwa sauti ya msiba. Na katekista, ambaye tangu sala hakuwa na neno, alipata neno. Alisema, "Umeunguza marehemu."

"Marehemu tulimuzika," nilimjibu. "Na weye ulikuwa ku maziko. Hii ni blanketi."

Nilimfuata wifi yangu nikamshika mkono. Nilimsihi mbele ya watu wote alitie motoni lake pia, moto ungali unawaka. Alilikumbatia pamoja na mtoto akarudi nyuma.

"Kwenda!" aliniambia. "Kwenda kwenu Shasha, kwa wenye nyuso mubaya."

Niliondoka siku ile ile na mwanangu. Hakuna aliyenisindikiza. Mume wangu alinifuata baadaye mpaka kwa wazazi wangu, akakaa uani bila kuingia, akasema baba yake amemtuma kusema nisirudi. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Lakini umefanya muzuri." Nilimkasirikia kwa neno hilo kuliko kwa yote. Neno zuri lililochelewa namna ile lilinifaa nini? Nilikuja kumsamehe, kwa maana alikuwa mume mwema katika mambo mengine, na nilimshukuru Mungu kwa ajili yake nilipomzika. Lakini uani pale hakulisema.

Kwa wazazi wangu muganga alipita mapema. Nilikuwa wa kwanza kwenye mstari. Mwanangu alipochanjwa nilimketisha mapajani siku nzima, nikimshika mkono ule hewani ili hata nzi asitue juu yake. Mama yangu alitutazama kwa jicho lake moja, kisha akaenda kuchota maji.

Habari za kilimani zilitufikia kidogo kidogo. Mtoto wa wifi yangu aliugua, akafa. Kisha waliokuja na majembe wakarudi kwao na kilichokuwa pumzini mwao na majivuni juu ya nguo zao, na kila kilima kilichokuwa kimeleta jembe kilianza kuchimba makaburi madogo. Wakubwa wengi walipona, maana walikuwa na chanjo za zamani. Waliokufa walikuwa watoto, hasa wale waliosuguliwa mikono kijitoni. Muganga alirudi na askari. Sasa hawakuuliza kitu. Walichoma nyumba, wakachoma na vitunga vya mbegu, wakachapa viboko. Baba mkwe aliwaambia kwamba ugonjwa uliletwa na wapagazi waliopita njiani. Waliandika hivyo wakaenda. Hata kwa viboko vyao hawakutaka kujua. Na katika mazishi yale yaliyofanywa haraka haraka, katekista alisema juu ya kila kaburi kwamba Mungu amempenda mtoto huyu kuliko sisi. Alisema mara nyingi mpaka watu wakaanza kulisema wenyewe. Ndilo neno hilo tunaloitikia Amina kila Novemba.

Nilirudishwa kwa mume wangu baada ya ugonjwa kuisha, kwa maneno ya wazee wa pande mbili. Wifi yangu hakunisalimu. Tulichota maji kijito kimoja kama watu wasiojuana. Nilisali kwa ajili yake, lakini sitadai kwamba nilisali kwa moyo laini.

Baadaye alizaa tena, mtoto wa kike. Siku moja muganga alipita akichanja waliozaliwa. Asubuhi ile niliona moshi ng'ambo ya kijito, moto mdogo uliowashwa nje ya nyumba. Upepo ulivuka maji ukaniletea harufu ya nywele.

Nilivuka. Baba mkwe alikuwa ametangulia kufika, ameketi juu ya jiwe, fimbo kati ya magoti. Wifi yangu alikuwa amesimama mbele ya moto, mtoto mgongoni, akishika jiti la kuni kama nilivyolishika mimi. Alikuwa amelihifadhi lile blanketi lake miaka yote ile. Mtoto wake wa kwanza alikufa akiwa amefunikwa nalo, na lilikuwa kitu pekee chake kilichobaki. Alilificha askari wasilione, mume wake asilione, akalala juu yake. Hata askari walipochoma nyumba yake alikuwa amelitoa usiku wa kuamkia siku ile.

"Papa," alimwambia baba yake, bila kulia, "hii njo iliua mutoto yangu?"

Baba mkwe alitazama fimbo yake.

"Nakuuliza weye. Kabla nimupeleke huyu kwa muganga, uniambie. Hii njo ilimuua?"

Katekista alikuwa akipita njiani. Alisimama aliposikia sauti. Nilimwona akifungua mdomo, nikajua neno linalokuja, kwa maana lilikuwa moja tu. Wifi yangu naye alijua. Alimgeukia na jiti lake lililokuwa likiwaka kwenye ncha.

"Si weye nimeuliza," alimwambia. "Na Mungu pia sijamuuliza. Nimeuliza papa yangu."

Katekista alifunga mdomo. Baba mkwe alijifunika uso kwa mikono yote miwili, mikono ile iliyolikung'uta blanketi, na kutoka nyuma ya mikono alisema, "Ndiyo. Njo yenyewe."

Wifi yangu alisubiri mpaka mistari myekundu ikaisha. Kisha tulipanda pamoja mpaka kwa muganga, yeye mbele na mimi nyuma. Mtoto alipochanjwa alilia, na mama yake akaushika mkono ule hewani njia yote ya kurudi. Tulipofika kijitoni tulikivuka bila kusimama.